Fumba macho kwanza, ndipo umhukumu

Dada, umeuliza kwa nini mshiriki wa Bongo Star Search, shindano la kuimba la Tanzania, unayeona kaimba vizuri, majaji wanamkosoa vikali, na kama sikio lako lina kasoro. Sikio lako ni zima. Macho ndiyo yanakuponza. Vazi, taa na kelele za ukumbini vyote vinambeba mshiriki. Ndiyo maana kwenye The Voice, shindano la kuimba la runinga lililoanzia Uholanzi mwaka 2010, makocha humpa mwimbaji mgongo katika raundi ya kwanza. Nawe jaribu: geukia ukutani usikilize tu.

Sikiliza miisho ya mistari. Mwanzoni kila mtu ana pumzi. Mwishoni ndipo noti inashuka na maneno yanamezwa. Kisha sikiliza sauti za chini. Watu hushangilia mtu akipanda juu, lakini aliyechagua ufunguo (kimo cha sauti cha wimbo) usiomfaa hufifia huku chini hadi hasikiki, na jaji ameshalinasa hilo. Mimi naona hilo lina uzito kuliko madoido yote ya koo. Matamshi nayo: akiimba Kiswahili nawe hushiki hata neno, hapo kuna tatizo.

Kutolewa ni jambo jingine, usimwone hafai kwa hilo. Jennifer Hudson alitolewa American Idol mwaka 2004 akiwa wa saba, na mwaka 2007 akachukua Oscar, tuzo ya filamu. Kwa hiyo kama umemsikiliza mshiriki wako hivyo ukiwa umefumba macho na bado anakugusa, mpigie kura wiki hii hii, usingoje fainali.