Inalipa, ila mjini kwanza

Mkuu, umeuliza kama kuwekeza hela kwenye kampuni ya intaneti ya kasi Mtwara kunalipa. Kunalipa, mradi kampuni ianzie mjini. Mkongo wa Taifa, yaani waya mkuu wa intaneti wa serikali, ulishafika Mtwara na Lindi, kwa hiyo mtoa huduma mdogo ananunua intaneti kwa jumla kutoka TTCL, shirika la simu la serikali, yeye anabaki na kazi ya kuisambaza mitaani. Hapo ndipo hela inapoliwa: nguzo, waya, mafundi, betri za kushikilia mitambo umeme ukikatika.

Nafanya kazi ya kuvuta faiba, waya wa intaneti ya kasi. Shangani ya Mtwara mjini ukiunganisha nyumba ya wageni moja, jirani yake anakuita kabla hujakunja ngazi. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, omba kampuni ikuonyeshe orodha ya wateja waliolipa mwezi Aprili, usikubali ya Novemba, msimu wa korosho. Minada ya korosho ikichangamka kila mtu anataka kuunganishwa. Msimu ukiisha, ankara zinalala.

Hakikisha leseni yao ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iko hai, na uulize kama kampuni ina njia mbadala ya kupata intaneti ile kuu ikikatika. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilisumbua nchi nzima. Wilaya za Newala na Tandahimba, nje ya mji, ningesubiri kwanza.