Adui wa Steringi Apewe Nani?

Maswali ya wasomaji: meza ya filamu

Barua za safari hii zimetoka pande tofauti za Uganda, lakini nyingi zinazunguka jambo moja: katika filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, uadui unagawiwa vipi? Kwa rangi, kwa kabila, au kwa lugha? Tumechagua sita.

Hapa kibandani tumebishana hadi filamu ikaisha hatujaitazama. Mwenzangu anasema kila Mweusi akipewa kuwa adui ni dharau. Mimi nasema kazi ni kazi. Nani mkweli? (Msomaji, Jinja)

Wewe uko karibu zaidi, ingawa mwenzako hajakosea yote.

Uadui ni nafasi nono. Steringi amefungwa na wema wake tangu dakika ya kwanza. Adui ndiye anayepanga, anayecheka pasipostahili, anayelia peke yake. Waigizaji wanaigombania. Mtazame Harvey Dent, mwanasheria wa katuni za Batman. Mwaka 1989 alichezwa na Billy Dee Williams, Mweusi wa Marekani, na kila aliyesoma zile katuni alijua kwamba huyo bwana siku moja ataungua nusu ya uso na kugeuka adui mkubwa. Siku hiyo ilipofika, katika Batman Forever ya 1995, nafasi ilikwenda kwa Tommy Lee Jones, Mzungu. Mwenzako atasemaje hapo? Mweusi hakutwishwa uadui, alinyimwa.

Anapopata haki mwenzako ni pale Mweusi anapokuwa peke yake. Mwaka 2014, katika The Amazing Spider-Man 2, Jamie Foxx alipewa Electro, mhusika ambaye katika katuni ni Mzungu. Kwenye karatasi ilionekana ni hatua mbele. Lakini muswada ulimfanya mfanyakazi asiyekumbukwa na mtu, mwenye nywele za kuchekesha, kisha akapakwa rangi ya buluu mwili mzima. Upande wa steringi hapakuwa na Mweusi wa kumsawazisha. Mtazamaji akabaki na picha moja tu: Mweusi mwenye kinyongo. Foxx aliporudi mwaka 2021 katika Spider-Man: No Way Home, ile buluu ilikuwa imeondolewa, na Electro mwenyewe akamwambia Spider-Man kwamba alidhani chini ya barakoa kuna mtu Mweusi. Mzaha huo ulisema mengi.

Sasa liweke hilo kando ya Black Panther ya 2018. Adui ni Killmonger, amechezwa na Michael B. Jordan. Mfalme ni Mweusi, dada yake ni Mweusi, majenerali, wazee wa baraza, wote. Kwa hiyo Killmonger habebi sura ya watu wote weusi. Anabeba ya kwake. Tena ana sababu: baba yake aliuawa na mfalme aliyetangulia, ndugu yake mwenyewe, na mtoto akaachwa Oakland, Marekani. Na hoja yake haifi naye. Filamu inaisha T'Challa, yule mfalme, akiifungulia dunia milango ya Wakanda, nchi yake iliyojificha, jambo ambalo Killmonger alilidai kwa njia yake ya damu.

Mkibishana tena kibandani, msianze na rangi. Anzeni na idadi: wako wangapi wa rangi hiyo, na upande wa steringi wako wangapi? Halafu ulizeni kama steringi anabadilika hata kidogo kwa sababu ya alichosema adui. Adui ambaye hoja yake haimgusi mtu ni gunia la mazoezi ya ngumi, awe Mweusi au Mzungu.

Nimeona Mandarin wawili, mmoja mzee wa kuchekesha na mwingine Mchina mwenye pete. Yupi wa kweli? (Mwanafunzi, Mbale)

Mandarin ni adui wa Iron Man. Katika katuni alizaliwa 1964, akiwa na sura ileile ya zamani ya Mchina mjanja anayetaka kuitawala dunia. Iron Man 3 ya 2013 ilimpa Ben Kingsley jina hilo, kisha ikafichua kwamba ni mwigizaji mlevi aliyekodiwa, na mpangaji wa kweli ni mwingine. Shang-Chi ya 2021 ilichukua njia ngumu zaidi: ikampa Tony Leung nafasi ya Wenwu, ikambadilisha jina, ikamfanya baba wa steringi na mume anayemlilia mkewe. Kwa maoni yetu hiyo ya pili ndiyo tiba. Kukwepa sura mbaya kwa mzaha ni rahisi, kuijaza mtu ni kazi.

M'Baku, mpinzani wa mfalme katika Black Panther, alitibiwa vivyo hivyo. Katuni ya 1969 ilimvika ngozi ya sokwe na kumpa jina la mtu-nyani. Filamu ya 2018 ililitupa jina hilo, ikamwachia Winston Duke cheo cha kiongozi wa watu wa milimani mwenye malalamiko yanayoeleweka.

Tunatengeneza filamu fupi. Steringi ni dereva wa boda anayepata nguvu za umeme. Adui ni Muhindi mwenye duka la jumla anayeiba umeme wa mtaa. Rafiki ametuonya tutaitwa wabaguzi. Tuache? (Kikundi cha vijana, Makindye)

Msiache filamu, ila muswada urudi mezani. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na shutuma iliyotangulizwa ilikuwa kwamba wanainyonya nchi. Hadithi yenu, bila ninyi kukusudia, inarudia shutuma ileile, ikiongezewa umeme.

Fanyeni hivi. Futeni majina yote kwenye muswada, muweke herufi: A, B, C. Mtu asiyeijua hadithi ausome kwa sauti. Kila mahali atakapouliza "kwa nini A anafanya hivi?" na jibu lenu likawa "kwa sababu ni Muhindi" au "kwa sababu ni tajiri", pigeni mstari mwekundu. Hapo mwandishi hakufanya kazi. Ameuachia ubaguzi wa mtazamaji umfanyie. Mpeni A sababu inayopimika: ana chumba cha baridi chenye samaki wa kupeleka nje, umeme ukikatika usiku mmoja mzigo wote unaoza, na deni halingoji. Baada ya hapo mnaweza kumrudishia Uhindi wake mkitaka, lakini asiwe peke yake. Fundi anayemsaidia steringi, au mteja anayemshtaki adui, naye awe Muhindi. Na msimwombe mwigizaji avunje lugha ili kuchekesha. Wapo Wahindi wengi waliozaliwa hapa wanaozungumza Kiganda kukushinda wewe, ssebo.

Usaili wenyewe: tangazo litaje umri, kazi na tabia, lisitaje kabila. Kwa mfano, "mwenye duka, miaka 40 hadi 55, sauti ya upole, hakasiriki mbele za watu." Wapeni kurasa mbili za mazungumzo siku mbili kabla. Watu wanane kwa nafasi moja wanatosha, kila mmoja dakika kumi na tano. Asome mara ya kwanza bila maelekezo. Mara ya pili mpeni maelekezo ya kinyume: "unamwonea huruma huyu unayemtishia." Asiyeweza kubadilika hapo atawasumbua siku ya kupiga picha. Mara ya tatu, na hii ndiyo watu wengi huiruka, wabadilisheni: aliyekuja kwa nafasi ya adui asome ya steringi, na wa steringi asome ya adui. Mtashangaa ni mara ngapi mlikuwa mmewapanga kwa sura tu.

Waamuzi wawe watatu, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya yeyote kufungua mdomo. Akitangulia kusema mwongozaji, wengine humfuata.

Walio mbali wajirekodi kwa simu: simu ilale kwa upana, lenzi iwe usawa wa macho, fremu ianzie kifuani hadi juu kidogo ya kichwa, ukuta nyuma usiwe na picha. Anayemsomea mistari ya upande wa pili asimame pembeni mwa simu na asome kwa sauti ya chini, maana aliye karibu na kipaza sauti humfunika mwigizaji. Feni izimwe. Video itumwe WhatsApp kama faili ya hati, si kama video ya kawaida, la sivyo itabanwa na macho yote ya mwigizaji yatapotea.

Mimi ni Mnubi wa hapa Bombo. Kwa nini kwenye filamu zetu jambazi akitokea tu anaongea Kiswahili? "Lala chini! Leta pesa!" Basi. Mama zetu wanaongea Kiswahili sokoni kila siku na hawamwibii mtu. (Msomaji, Bombo)

Dada, umegusa penyewe. Huko Hollywood rangi hufanya kazi hii. Kwetu inafanywa na lugha.

Mzizi wake ni wa kijeshi. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, kikabaki kambini na polisi baada ya uhuru. Miaka ya utawala wa Amin, raia wengi wa kusini walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Wanubi, ambao wengi asili yao ni askari wa Kisudani walioletwa na Lugard, ofisa Mwingereza, mwaka 1891, wakajumlishwa humo wote, hata muuza vitambaa. Mwandishi wa leo akitaka hofu ya haraka huchukua maneno matatu ya Kiswahili, na mtazamaji anaogopa kabla ya kuona silaha. Ni njia ya mkato, na kama njia za mkato nyingi inapita shambani kwa mtu.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005. Sheria haibadilishi muswada, lakini hesabu inaweza. Chora jedwali: safu moja majina ya wahusika, nyingine lugha anayotumia kila mmoja, ya tatu anachoshika mkononi anapoitumia. Lugha ikionekana tu pale penye bunduki, jedwali litakuonyesha kwa sekunde tano. Marekebisho hayagharimu hata shilingi: mpe steringi shangazi wa Arua anayembembeleza kwa Kiswahili, mpe dereva wa lori la Malaba mzaha wake, na adui mwache azungumze lugha ileile ya steringi. Adui anayekutishia kwa lugha ya mama yako, kwa adabu, anatisha kuliko anayefoka.

Kama ni lazima adui aongee Kiswahili, basi akiongee. Sentensi kamili, ngeli zikae sawa, atumie hata methali. Mtafuteni msemaji mzuri akae na mwigizaji jioni mbili, wasome mistari hadi isimame yenyewe mdomoni. Maneno matatu ya kufoka hayamtoshi mtu kuwa mhusika.

Na nyie ma-VJ mnaotafsiri filamu za nje vibandani, nanyi mmo humu. Mnapomtia adui lafudhi ya kabila fulani kinywani, mnafanya uteuzi wa waigizaji upya, safari hii bila usaili.

Kuna Mganda yeyote kwenye hizo filamu kubwa? (Msomaji, Masaka)

Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani, ni Ayo wa walinzi wa Wakanda tangu 2016. Daniel Kaluuya alizaliwa London kwa wazazi Waganda. Yeye ni W'Kabi wa Black Panther, rafiki wa mfalme anayehamia upande wa Killmonger. Ukitaka somo la jinsi mtu mwema anavyogeuka kidogo kidogo, mtazame yeye.

Adui wetu ni mweusi tii na amevaa koti jeusi. Tukipiga picha usiku tunaona meno tu. Mwongozaji anataka tubadilishe mwigizaji achukuliwe mweupe zaidi. Mnasemaje? (Mpiga picha, Gulu)

Badilisheni taa. Mwigizaji abaki.

Kosa la kwanza ni kummulika usoni moja kwa moja kwa taa ndogo kali. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, yaani kwa kurudisha sura ya taa. Taa ndogo hutoa doa dogo jeupe kwenye paji la uso na kuacha pengine giza. Tandazeni shuka jeupe la futi sita kwa sita, au ubao mweupe, mita moja na nusu kutoka kwake, upande wa kushoto au kulia na nyuma kidogo ya usawa wa sikio. Elekezeni taa kwenye shuka, siyo kwake. Uso utapata ukingo mrefu laini kutoka shavuni hadi kidevuni. Taa ya pili, dhaifu, iwe nyuma yake juu, imtenge na giza.

Msimpake poda ya kukausha. Mafuta kidogo sana ya kujipaka, yaliyosambazwa kwa kiganja, yanaufanya uso ushike mwanga. Yakizidi atang'aa kama aliyelowa jasho.

Koti jeusi litupeni. Chukueni la buluu nzito au damu ya mzee, lenye kitambaa kinachoonyesha nyuzi. Nyuma yake, mita tatu au nne, mulikeni ukuta au mti kidogo tu. Mtu mweusi mbele ya giza tupu hupotea, mbele ya kijivu anasimama.

Kwenye simu, bonyezeni uso wake na mshikilie hadi mwanga ufungwe, kisha mteremshe kidogo. Mkiiachia simu ijiamulie, itaona giza na kung'arisha kila kitu hadi picha ijae chengachenga. Kama programu yenu ina mistari ya pundamilia, ile inayoonyesha kiasi cha mwanga kwenye picha, uso wake ukae kati ya asilimia 35 na 50. Msimsukume hadi 70 kama wanavyofundisha kwa ngozi nyeupe, maana atageuka rangi ya jivu. ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, isipite 800. Kasi ya shata iwe 1/50 kwa picha 25 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za bei nafuu zinaweza kupepesa mkitumia kasi isiyolingana nao.

Pigeni picha ya majaribio ya sekunde kumi, muitazame kwenye skrini kubwa kabla ya kuwaita waigizaji wengine.