Mfanyakazi kumvaa msimamizi: kufukuza kunatosha?

SWALI: Mimi ni afisa rasilimali watu wa kiwanda cha kukamua alizeti, Kibaigwa. Msimu huu wafanyakazi wawili, kwa siku tofauti, wamemvaa msimamizi wa zamu. Mmoja alimtukana, mwingine akamkunja shati. Uongozi unataka wote wafukuzwe papo hapo. Ushauri?

JIBU: Wawili, msimamizi mmoja. Anzia hapo. Mwaka 2005 watafiti Inness, Barling na Turner walichunguza watu wenye ajira mbili kwa wakati mmoja, wakaona kwamba ukali wa mtu kwa bosi ulitegemea zaidi anavyotendewa katika kazi ile kuliko hulka yake.

Fungua daftari la zamu na karatasi za mishahara za wiki zile. Mara nyingi utakuta mtu kakatwa fedha kwa gunia lililopotea, akajua siku ya malipo, alipouliza akafokewa mbele ya wenzake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka apewe maelezo ya maandishi ya kiasi na sababu, apate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Tazama na saa za ziada: kikomo ni 50 kwa wiki nne, kwa malipo yasiyopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na siku nzima isivuke saa 12. Msimu wa alizeti ndipo viwanda vingi hujisahau.

Aliyekunja shati ana kosa kubwa. Shambulio linaweza kuhalalisha kuachishwa kazi. Ila si papo hapo. Msimamishe kwa mshahara kamili, chukua maelezo ya mashahidi siku hiyohiyo, mpe tuhuma kwa maandishi na angalau saa 48 za kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, aje na mwenzake au mwakilishi wa chama. Mwenyekiti wa kikao asiwe msimamizi huyo wala aliyehusika. Mkiruka hatua hizi, ana siku 30 kuwapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mnaweza kushindwa hata kama shati lilichanika kweli. Kwa aliyetukana, pimeni maneno yenyewe na rekodi yake. Huenda onyo la maandishi likatosha.

Msimamizi naye aitwe. Aelekezwe: aonye wafanyakazi faraghani, aeleze sababu, asitangaze makato asiyoyaidhinisha. Wafanyakazi wapewe mtu mwingine wa kupokea malalamiko, kwani utaratibu unaopitia kwa anayelalamikiwa hautumiki. Na kamera ambazo uongozi utazipendekeza muda si mrefu, ziwekeni kwenye stoo na mashine, si kwa wafanyakazi: watafiti Greenberg na Barling, 1999, waliona kuchungwa kazini kunaambatana na ukali kwa wasimamizi.