Maswali na majibu: IgG4 imepanda, je, ndiyo huo ugonjwa?

Maswali ya safari hii yote yanahusu ugonjwa mmoja adimu, ule unaoitwa kwa jina la kingamwili IgG4. Kinga ya mwili huvimbisha viungo, kisha huviachia makovu magumu.

Shikamoo daktari. Baba ana miaka 64. Macho yamekuwa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, lakini hasikii maumivu. CT skani imeonyesha kongosho limevimba, tukaambiwa huenda ni saratani. Daktari mwingine anataka apimwe IgG4. Anatafuta nini?

Marahaba. Anatafuta kitu kinachoweza kumwepusha baba na kisu. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, na ukikaa kwenye kongosho hufanana mno na saratani: macho ya njano, uzito kupungua, maumivu kidogo au hakuna. Lakini huu hunywea kwa vidonge. Wapo waliokwisha kupasuliwa, kongosho likakatwa, maabara isione hata chembe ya saratani. Inauma sana.

Mwaka 2001 madaktari wa Japani walionyesha kuwa wagonjwa wa kongosho la aina hii wana IgG4 nyingi katika damu. Baadaye ikabainika kuwa ugonjwa hauishii hapo. Huingia kwenye mirija ya nyongo, tezi za mate na za machozi, figo, mapafu, hata nyuma ya tumbo, ukabana mirija ya mkojo. Kwa hiyo mtazameni baba usoni. Chukueni picha yake ya miaka mitano iliyopita mlinganishe: kope za juu zimejaa? Chini ya taya pametuna? Mwelezeni daktari. Uchunguzi wa saratani nao uendelee, usingoje.

IgG4 yangu ni 180, na karatasi inasema mwisho 135. Ndiyo ninao?

Namba hiyo peke yake haitoshi. IgG4 hupanda pia kwa wenye mzio, kwa baadhi ya wenye saratani ya kongosho, na hata kwa watu wenye afya njema. Ikivuka mara mbili ya kikomo, yaani 270, shaka inakuwa nzito zaidi, lakini bado ni shaka.

Mimi imetoka ya kawaida, ila tezi zimevimba na daktari hajaridhika. Kwa nini?

Yuko sahihi. Baadhi ya wagonjwa waliothibitishwa wana IgG4 ya kawaida. Tena kuna mtego wa maabara: IgG4 ikizidi mno, kipimo huvurugika kikasoma namba ndogo. Sampuli ikizimuliwa na kupimwa upya, namba halisi hujitokeza. Ombeni hilo bila aibu.

Jibu lenyewe liko kwenye kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenye kiungo ili kipimwe. Chini ya darubini, nyuzi za kovu huonekana zimepindana na kupishana kama ukili. Hata jina la kitabibu la mpangilio huo, storiform, limetoka kwenye neno la Kilatini la mkeka. Kati ya nyuzi hizo zimejaa seli zinazotengeneza IgG4, na vishipa vidogo vya vena vimeziba. Mtaalamu wa patholojia akiviona hivyo pamoja, na dalili na vipimo vya mgonjwa vikakubaliana, hapo tunazungumza.

ESR yangu iko juu, CRP ya kawaida. Maabara wamekosea?

Si lazima. Vyote viwili ni vipimo vya damu vya uvimbe mwilini: ESR hupima kasi ya chembe nyekundu kutuama, CRP ni protini inayotolewa na ini. Hapa protini za kingamwili zikijaa hupandisha ESR, huku CRP ikitulia. Homa kali na CRP ya juu sana hunifanya nitafute ugonjwa mwingine. Tazama pia kama eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) na IgE (kingamwili ya mzio) zimepanda. C3 na C4, protini za kinga katika damu, zikishuka, figo zichunguzwe mara moja: kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) na mkojo.

Kwa nini nipimwe TB na minyoo kabla ya kuanza prednisoloni?

Kwa sababu dawa hiyo, ambayo ni steroidi ya kutibu ugonjwa huu, hushusha kinga. TB iliyolala huamka, homa ya ini B hulipuka, na minyoo ya strongiloidesi inaweza kusambaa mwilini ikaua. Na kinyama kitolewe kabla ya kidonge cha kwanza kila inapowezekana, kwani limfoma (saratani ya tezi za limfu) nayo hunywea kwa steroidi ikatudanganya sote. Ukishaanza, uvimbe kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Kama una kisukari sema mapema, maana sukari itapanda, na usiache vidonge ghafla hata ukijiona umepona.