Barua kwa mwanangu: hizo seli zako

Mama Halima mwanangu,

Umeniuliza kama hiyo "displasia kidogo" waliyokuandikia kwenye majibu ya mlango wa kizazi ndo kansa. Siyo. Seli zimeanza kukua ovyo, hazilingani, mpangilio umevurugika, ila ziko juujuu bado, hazijapenya ndani. Mimi nataka ujue kwamba zinaweza kurudi kuwa za kawaida, manake mwili haubadiliki bure, ukiona umebadilika kuna kitu kinausukuma.

Unakumbuka kaka yako alivyoanguka kwenye mfenesi wa babu kule Jinja? Plasta ilipokatwa paja limekwisha, ngozi inatoka magamba, nikalia mpaka yule daktari wa mazoezi akaniletea kiti. Akaniambia mama, msuli haujafa, umekosa kazi tu seli zikasinyaa, mpe mpira acheze. Basi uani kutwa anachechemea na mpira, jioni nampima mapaja kwa futi ya cherehani, na siku yalipolingana nilipiga vigelegele majirani wakadhani tuna harusi!

Na wewe ulipombeba Halima, mfuko wa uzazi ulitoka gramu 70 hivi ukafika kama kilo moja, seli zikanenepa na nyingine zikaongezeka, ulipojifungua ukanywea. Haubadiliki bure.

Ila hapana, mguu si mlango wa kizazi, nisikupe raha ya uongo. Kule seli zilikuwa zinatii, hapa virusi vya HPV, hivi vya kuambukizana kwa kujamiiana, vinazivuruga. Kinga yako ikivishinda, displasia ya kiwango cha chini mara nyingi inaondoka yenyewe, isipovishinda inaweza kupanda polepole, miaka, na ikipanda wanaigandisha au kuichoma kwa joto kabla haijafika kwenye kansa. Kwa hiyo tarehe waliyokupa ya kurudia kipimo usiiruke, hata kama husikii maumivu, displasia haiumi.

Kuhusu mumeo nina maneno mpaka kooni. Lakini virusi hivi vinaweza kukaa kimya miaka mingi, hakuna kipimo kitakachosema nani kavileta, basi nanyamaza, na unajua ninavyopata shida kunyamaza.

Halima akifika miaka 10 achanjwe chanjo ya HPV, serikali ya Uganda inatoa kwa mabinti nchi nzima tangu 2015, wewe ulikuwa umeshapita umri. Nauli nakutumia kwa simu Ijumaa, na usiende peke yako, nitakuja.

Mama