Kipunji aligunduliwa na nani?

Umeuliza nani aligundua kipunji, yule tumbili wa milima ya kusini mwa Tanzania. Jina lenyewe lishakujibu ndugu yangu: ni la Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa Rungwe. Wawindaji wa Mlima Rungwe walimjua kitambo. Watafiti walisikia habari zake kwao, wakashuku huenda ni masimulizi ya mizimu tu, mpaka 2003 walipomwona wenyewe. Mwaka uliofuata, wengine wakamkuta katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, mbali kabisa na Rungwe.

Ukikutana naye humkosi: rangi ya kahawia, nywele za utosini zimesimama wima, ncha ya mkia nyeupe, na mlio kama mbwa aliyepaliwa. 2005 akaandikwa rasmi kisayansi, na 2006 akapewa jenasi (kundi la kisayansi la spishi) yake peke yake, Rungwecebus. Kwa hiyo "waligundua"? Mimi ningesema waliambiwa.