Sukari njema alfajiri, jioni imepanda

SWALI: Mama yangu ana miaka 58 na hajawahi kuwa na kisukari. Anatibiwa ugonjwa wa ngozi kwa prednisoloni, vidonge 8 vya miligramu 5 kila siku saa 2 asubuhi. Hii ni wiki ya nne. Nikimpima alfajiri kabla hajala napata 5.4, jioni 13.8. Kipimo kimeharibika? Nimwachishe dawa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kipimo chako ni kizima. Prednisoloni ni ndugu wa kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Insulini, homoni inayoshusha sukari, huishia nje ya seli, ikashika kipokezi kwenye utando. Steroidi, kundi la kotisoli na prednisoloni, huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya utando bila hodi, ikakuta kipokezi chake ndani. Vikishashikana huingia kwenye kiini na kutua juu ya DNA, karibu na jeni inayohusika. Jeni hunakiliwa kuwa RNA, na RNA husomwa kuunda vimeng'enya vipya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini.

Kuunda huko huchukua saa kadhaa. Panya aliyeondolewa tezi hizo akidungwa haidrokotisoni, kimeng'enya tirosini aminotransferasi huongezeka mara kadhaa katika ini lake ndani ya saa nne au tano. Akitanguliziwa aktinomaisini D, inayozuia kunakili RNA, hakiongezeki.

Vimeng'enya vinavyomsumbua mama ni viwili: PEPCK na glukosi-6-fosfatasi. Hivi huliwezesha ini kutengeneza sukari kutokana na asidi amino, vipande vya protini vinavyomeng'enywa kutoka kwenye misuli (ndiyo maana watumiaji wa muda mrefu hukonda mapaja). Misuli nayo huwa mizito kuitikia insulini. Dozi ya asubuhi hupandisha sukari kuanzia mchana hadi usiku. Kufikia alfajiri makali yake yamepungua. Anayepimwa alfajiri tu hudanganyika. Mpime kabla ya chakula cha jioni, uandike tarehe, saa na dozi.

Usimwachishe ghafla hata kidogo! Baada ya wiki tatu na zaidi tezi zake huwa zimelala, na akikosa dawa anaweza kutapika, kushuka presha na kuzimia. Mpeleke kwa daktari kesho na daftari hilo. Akiwa na kiu kali, kutapika au kuchanganyikiwa, mpeleke leo hii. Akianzishiwa dawa ya sukari, kila prednisoloni inapopunguzwa muulize daktari kama nayo ipunguzwe, maana hapo ndipo wengi hushukiwa na sukari usiku.